Fonti ya Mikindani: shajara ya kuchora mwandiko wa kadi za harusi

Oktoba, wiki ya kwanza

Kazi hii imeanzia kwenye jina la mahali. Mama mmoja wa Chuno alikuja dukani kuangalia sampuli ya kadi za nikahi ya binti yake kabla hatujachapa zote, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu na kuniuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" Nikamjibu kwamba pameandikwa Ng'apa, kule Lindi anakotoka bwana harusi. "Mimi naona Ng, halafu naona apa," akasema. "Wakwe watasema hata kwao hatupajui." Alisema kweli. Katika fonti tuliyotumia, ambayo sidhani kama kuna steshenari hapa Mtwara isiyokuwa nayo, herufi zote hushikana vizuri, lakini zikifika kwenye ritifaa, ile alama ndogo inayokaa baada ya Ng, huachana, na ile a inayofuata huanza upya kana kwamba ni neno jingine.

Siku ile nilirekebisha kwa mkono: nikayageuza maandishi kuwa mchoro, nikaisogeza a, nikaipandisha ritifaa juu. Kadi zikatoka salama. Jioni nikiwa nafunga duka nilihesabu ni mara ngapi nimefanya kiraka cha namna hiyo tangu mwaka uanze, nikaona kwamba muda huo ungetosha kuchora fonti nzima. Nimeamua kuichora. Itakuwa fonti ya mwandiko wa kuunga, kwa ajili ya kadi za mwaliko, vyeti na risala za kuagana, na nitaiita Mikindani kwa sababu ndiko nilikozaliwa.

Oktoba, wiki ya pili

Mwandiko ambao wateja wetu huuita "mwandiko wa kadi" ulikomaa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18. Walimu wa kuandika wa London waliuandika kwa kalamu yenye ncha, kisha wachongaji wakauhamishia kwenye mabamba ya shaba ili uchapwe. Mmoja wao, George Bickham, alitoa mabamba ya miandiko ya walimu wengi kati ya mwaka 1733 na 1741. Mchongaji wa shaba aliweza kuchora mstari mwembamba kuliko kalamu yoyote, na wembamba huo ndio tunaourithi mpaka leo, pamoja na matatizo yake, ambayo najua yatanikuta mbele ya printa.

Mtindo wenyewe una kanuni moja kubwa. Kalamu ikishuka, mwandishi hukandamiza, midomo miwili ya nibu, yaani ncha ya chuma ya kalamu, hufunguka na wino hutoka mwingi. Kalamu ikipanda, mkono huwa mwepesi na mstari huwa kama unywele. Mlalo wa herufi ni wa nyuzi 55 hivi kutoka kwenye mstari wa msingi, yaani ule ambao herufi hukalia. Nimechora mistari ya mlalo huo kwa penseli katika karatasi ishirini, nikaanza kuandika a. Karatasi za kawaida za A4 zinanyonya wino na kuutawanya, kwa hiyo nimehamia kwenye karatasi nzito za vyeti zilizobaki dukani, zenye uso laini.

Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa madrasa na ana khati nzuri ya Kiarabu, alipita akanikuta. Nikamwamkia, akaitikia, akachukua nibu na kuibonyeza kwenye ukucha. "Hii inafunguka," akasema kwa mshangao. Kalamu yake ya mwanzi hukatwa ncha pana ya mshazari, na unene wa mstari hutokana na upande ambao kalamu inaelekea, si na nguvu za mkono. Alijaribu kuandika jina lake kwa nibu yangu, akatoboa karatasi, akacheka. Lakini kabla ya kuondoka alinipa shauri ambalo nimeliandika ukutani: kadi nyingi za Waislamu wa hapa huwa na Bismillahi juu kabisa, kwa khati nene, na mwandiko wangu ukiwa hafifu mno chini yake utaonekana kama umeandikwa na mtu mwingine siku nyingine.

Oktoba, wiki ya nne

Nimeskani karatasi na kuanza kuchora katika FontForge, programu ya bure ambayo kompyuta yangu chakavu inaimudu. Kimo cha mwili wa herufi kimegawanywa katika vizio 1000. Mstari wa kushuka nimeupa unene wa vizio 78, na wa kupanda vizio 14.

Kuhamisha mwandiko kuingia kwenye kompyuta si kufuatisha wino. Nilipofuatisha kila mtikisiko wa mkono, herufi moja ilikuwa na nukta zaidi ya sitini na mikunjo yake ilionekana imevimbavimba. Nikafuta zote, nikaweka nukta pale tu mkunjo unapofika ukingo wake wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia, na pale unapobadilisha mwelekeo. Sasa a ina nukta 18 na imetulia.

Novemba, wiki ya kwanza

Kabla ya kuendelea na herufi nyingine nimechukua sentensi ambayo nimeichapa mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe: "Familia ya Bwana na Bibi … inayo furaha kukualika kwenye sherehe ya ndoa ya kijana wao mpendwa." Nikaihesabu bila majina. Ina maneno 16 na herufi 77, na kati ya herufi hizo 18 ni a, yaani karibu robo. Maneno 11 kati ya 16 yanaishia na a, na matano yaliyobaki yanaishia na i, e au o. Hakuna neno hata moja linaloishia na konsonanti.

Hesabu hii imenionyesha kwa nini fonti za kigeni huonekana zimekaa upande katika kadi zetu. Wachoraji wake walimaliza uhodari wao kwenye d, t, s na y za mwisho wa neno, kwa kuwa lugha zao humalizikia huko, wakaacha a kuwa herufi ya kupita. Kwetu a ndiyo yenye nyumba. Nimeamua kwamba juhudi kubwa ya fonti hii iwekwe kwenye irabu tano, na q na x zingoje mwisho kabisa, kwani Kiswahili hakizitumii.

Novemba, wiki ya pili na ya tatu

Wiki hizi mbili zimekwenda kwa neno moja, nalo ni "ndoa".

Katika mwandiko wa kuunga, kila herufi huacha mkono wake wa kutokea mahali palepale ili herufi inayofuata iupokee. Hilo ndilo linalowezesha herufi yoyote kukaa kando ya nyingine. Katika enzi ya kuchapa kwa herufi za madini ya risasi jambo hili lilikuwa gumu mno, kwa sababu kila herufi ilisimama juu ya kipande cha madini hayo chenye pembe nne, na herufi iliyolala ilibidi itokeze nje ya kipande chake, ambapo ilivunjika kirahisi. Mchoraji wa fonti Matthew Carter alipochora fonti ya Snell Roundhand katikati ya miaka ya 1960, akifuata mwandiko wa Charles Snell, mmoja wa wale walimu wa London, uchapaji wa picha, usiotumia vipande hivyo, ulikuwa umeondoa kizuizi hicho, na viungo vyake mpaka leo ni shule. Kwangu mkono wa kutokea uko vizio 190 juu ya mstari wa msingi, na herufi n, d, i, u, m na a zinaufuata bila ubishi.

O haifuati. Yenyewe hufungwa juu kulia, na mkono wake hutokea karibu na bega, si kiunoni. Ukiiweka a ya kawaida baada yake, mkono wa o hupita juu hewani wakati a inangoja chini, na "ndoa" husomeka "ndo a". Kwa neno ambalo ndilo sababu ya kadi yenyewe kuchapwa, huo ni mkosi. Zaidi ya hapo, w, b na v hutokea juu vilevile, na Kiswahili kimejaa wa, kwa, mwa, bwa na mbwembwe nyingine za aina hiyo.

Nimechora a ya pili, ambayo kichwa chake kimeinama kidogo kuupokea mkono unaotoka juu, kisha nikaandika kanuni ndani ya fonti: a ikitanguliwa na o, w, b au v, ibadilishwe iwe ya pili. Nimefanya hivyohivyo kwa irabu nyingine, na pia kwa w, kwa ajili ya "Bwana". Nilipoliandika neno "ndoa" na kuona mstari umepita kutoka n mpaka a bila kukatika, nililichapa kwa ukubwa wa karatasi nzima nikalibandika dirishani. Wateja wawili wameuliza kama ni tangazo la nani anaoa.

Novemba, wiki ya nne

Nimeharibu, na nieleze nilivyoharibu. Kwa kuwa maneno yetu huishia na irabu, nilifikiri kwamba mapambo yanayostahili ni mkia mrefu kwenye a ya mwisho, unaoondoka kulia, kupanda kidogo na kujikunja. Nikauchora kwa siku tatu, na peke yake ulikuwa mzuri kweli. Nikaweka kanuni kwamba a yoyote isiyofuatwa na herufi ipate mkia huo, kisha nikaandika sentensi yangu ya mwaliko.

Mikia kumi na mmoja ilijitokeza kwa pamoja. "Ya" ilikuwa na mkia mrefu kuliko yenyewe. Karatasi ilifanana na ua lililopandwa mboga za kutambaa, na macho yangu yalikuwa yanafuata mikia badala ya kusoma maneno. Mwenzangu wa mashine ya kuchapia, ambaye huwa hasemi mengi, aliangalia akasema, "Fundi, bi harusi yuko wapi hapa?" Hakuonekana kwa kweli.

Nimeurudisha mkono wa a ya mwisho kuwa mfupi, unaoishia kwa ncha nyembamba bila kujikunja. Mkia mrefu upo bado, lakini sasa ni wa hiari: mwenye kupanga kadi ndiye atakayeuita, kwa kawaida mara moja tu, mwishoni mwa jina. Fonti haiwezi kuamua jambo hili yenyewe, kwa sababu kanuni zake huona herufi jirani tu. Hazijui mstari unaishia wapi wala jina la nani ndilo kubwa. Mapambo mengine nimeyahamishia kwenye herufi kubwa za mwanzo, hasa M, S, H na F. Nilijaribu kwa "Mwanahamisi" na "Somoe". Mwanahamisi hata bila pambo ni jina lililojaliwa: vilima vya M, w na n vinapanda na kushuka, h inanyanyua shingo katikati, na i mbili zinafunga kwa utulivu.

Desemba, wiki ya kwanza

Ng'apa imepatikana. Nimetengeneza g na ritifaa kuwa umbo moja: ritifaa imepanda na kukaa juu ya mkono wa kutokea wa g, haichukui nafasi yake yenyewe, na chini yake mstari unaendelea mpaka kwenye a.

Ugumu ulikuwa katika namna watu wanavyoiandika. Majina hutufikia kwa WhatsApp, na katika ujumbe wa wiki moja nimekuta ng' yenye ritifaa iliyonyooka, iliyopinda, na ile alama ya mshazari inayokaa pembeni mwa namba 1 kwenye kibodi. Kanuni yangu inazikubali zote tatu pamoja na alama ya nne ambayo wanaisimu huitumia, na zote hutoa umbo lilelile. Nimejaribu "ng'ombe", "king'ora" na "Ng'apa". Ng ya "Nanguruwe", isiyo na ritifaa, imebaki ilivyo, kama inavyotakiwa.

Desemba, wiki ya tatu

Malipo ya korosho yameingia, na meza imejaa kadi za michango, za kuwaaga mabinti na za harusi zenyewe. Sikuigusa fonti kwa siku kumi. Hata hivyo wingi huo wa kazi umenipa nafasi ya kuijaribu kwa siri katika sampuli, na printa imesema ukweli wake.

Printa yetu ya leza hupiga nukta 600 kwa inchi, yaani kila nukta ina upana wa milimita 0.042 hivi. Mstari wangu wa vizio 14, katika maandishi ya ukubwa wa 12, ni kama milimita 0.06, ambayo ni nukta moja na nusu hivi. Mashine haina nusu ya nukta. Mahali pengine inaweka moja, pengine mbili, na mstari unaopaswa kuteleza unatoka na vigugumizi. Nimeunenepesha mpaka vizio 24, kama milimita 0.1, na mstari wa kushuka nimeufikisha 86 ili tofauti isipotee. Madaha kidogo yamepungua. Mjomba, ambaye alikuwa na wasiwasi juu ya Bismillahi, ameridhika.

Tarakimu nazo zilinidhalilisha. Sehemu ya majibu hubeba namba ya simu, na kichwa cha 7 yangu kilikuwa uzi mwembamba uliopotea katika chapa, ikabaki 1. Kwa bahati namba zetu za mkononi huanza na 06 au 07, hivyo 01 ilijitangaza yenyewe kabla kadi haijatoka. Ingekuwa katikati ya namba, wageni wangempigia mtu wa Masasi asiyehusika. 7 sasa ina kichwa kinene chenye wimbi, na 1 haina pambo lolote.

Januari, wiki ya pili

Nimeipeleka fonti kwa rafiki mwenye steshenari ili aitumie bila mimi kusimama nyuma yake. Amerudi na malalamiko matatu, na yote ni ya haki.

Kwanza, katika Word ya kompyuta yake kanuni za kubadilisha herufi zilikuwa zimezimwa, na programu yake ya zamani ya kuchorea haizijui kabisa, kwa hiyo "ndoa" ilirudi kuwa "ndo a". Nimejifunza kwamba fonti isitegemee kanuni peke yake. Nimeushusha mkono wa o ya kawaida uzame kidogo kama kamba ya kuanikia nguo, ukaigusa a ya kawaida ubavuni. Si kiungo kizuri kama kile cha kanuni, lakini neno halikatiki.

Pili, wateja wake hutaka majina ya wazazi yaandikwe kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa zenye mapambo zikipangwa sita au saba hunyakuana kama kuku kwenye mtama, na jina la mzee wa watu halisomeki. Nimewahi kubishana na wateja juu ya jambo hili na sijawahi kushinda, maana kwao herufi kubwa ni heshima, na heshima haibishaniwi. Nimechora seti ya pili ya herufi kubwa zilizo wazi, zenye mlalo uleule na unene uleule, ambazo hujitokeza zenyewe pale herufi kubwa mbili zinapofuatana. Kwa ajili ya programu za zamani nimeziweka pia katika faili la pembeni, linaloitwa Mikindani Majina.

Tatu, mashine yake ya kukata stika za magari ya harusi ilifuata ukingo wa kila herufi peke yake, ikakata hadi ndani ya viungo, na jina likatoka vipandevipande. Hili si la kurekebishwa ndani ya fonti, kwa sababu herufi lazima zipandane ili zishikane. Nimemwandikia maelekezo ya kuziunganisha kuwa umbo moja kabla ya kukata.

Februari, wiki ya kwanza

Harusi nyingi zinakimbizwa zifanyike kabla ya Ramadhani. Tumechapa kadi za kwanza halisi kwa Mikindani, 150, kwa karatasi ya gramu 300. Wengi siku hizi hupokea kadi kama picha kwenye simu, kwa hiyo nimeituma sampuli kwa WhatsApp na kuifungua kwenye simu tatu, mojawapo ikiwa na kioo kilichopasuka. Mistari ya vizio 24 imesimama hata baada ya picha kupunguzwa. Ile ya 14 isingefika.

Nimeamua pia juu ya leseni. Fonti itatolewa bure chini ya SIL Open Font License, ambayo inamruhusu yeyote kuitumia, kuirekebisha na kuisambaza, mradi asiiuze peke yake. Rafiki yangu wa steshenari ameniuliza nitakula nini. Nitakula kadi, kama zamani.

Februari, wiki ya pili

Yule mama wa Chuno amerudi, safari hii kwa kadi za kijana wake. Nikamwamkia, nikamwekea sampuli mezani bila kusema chochote. Akasoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno, hadi mahali palipoandikwa Ng'apa, kwa maana sasa wakwe wa mwaka jana nao ni waalikwa. Kidole hakikusimama. Akaendelea mpaka chini, akageuza kadi, akauliza bei ya 200, akataka "Bi." iandikwe "Bibi" kwa urefu.

Mchana huohuo kijana mmoja wa Kikristo alileta oda ya kadi za ndoa itakayofungwa Ndanda. Nilimfungulia Mikindani kwa fahari, nikaandika jina la bwana harusi, na mwisho wa jina ukatoka mraba mtupu. Bwana harusi anaitwa Felix. Nimemwomba anipe siku mbili, na usiku huu nipo mezani na nibu, nachora x.